Mimba na Msimu wa Mpunga: Kupanga Huduma ya Uzazi kwa Familia Zinazohamia Mashambani Kilombero

Kuhama kwa msimu ni sehemu ya kilimo cha mpunga katika Bonde la Kilombero. Familia yenye nyumba Ifakara, Idete, Mngeta au Lupiro hufunga mlango mvua zinapokaribia, ikabeba majembe, mbegu, masufuria na vyandarua, ikaenda kuishi kwenye kibanda au dungu katikati ya mashamba kwa miezi kadhaa. Wapo wanaorudi nyumbani kila baada ya siku chache, na wapo wasioonekana kijijini mpaka mavuno. Miongoni mwao wamo wajawazito. Huduma ya uzazi nchini imejengwa juu ya kituo kimoja kinachomjua mama: daftari lake, siku yake ya kliniki, muuguzi aliyempima tangu mwanzo. Mama akihama, kituo hubaki kijijini. Kwa hiyo huduma yake hutegemea yale yaliyopangwa kabla hajaondoka.

Kwa nini familia huhama

Bonde la Kilombero limelazwa kati ya Milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mito inayoteremka kutoka pande zote mbili huingia Mto Kilombero, ambao nao huungana na Luwegu kuwa Rufiji. Wakati wa masika mto huo hufurika na kutandaza maji kwenye uwanda mpana. Eneo hilo la maji, lenye kilomita za mraba karibu 8,000, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mafuriko huleta rutuba, na rutuba ndiyo inayovuta wakulima wa mpunga.

Makazi ya kudumu yako kwingine. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikusanya watu kandokando ya barabara na kwenye miinuko, karibu na shule na zahanati, huku mashamba mengi yakibaki bondeni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nayo ilivuta vijiji upande wa Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Matokeo yake ni kaya moja yenye makao mawili: nyumba ya kijijini, iliyo karibu na huduma, na kibanda cha shamba, kilicho karibu na chakula. Kwa wakazi wengi wa Ifakara shamba liko ng'ambo ya mto. Kutembea kila siku kutoka nyumbani kungekula saa za kazi. Tena mpunga mchanga na mpunga uliokomaa vyote vinahitaji mlinzi: nguruwe na viboko usiku, ndege mchana.

Mjamzito haachwi nyuma kwa urahisi. Kupalilia, kuwinga ndege na kupika kwa ajili ya vibarua ni kazi zinazotegemea sana mikono ya wanawake, na kumwacha nyumbani kunahitaji mtu wa kukaa naye, chakula cha kumwachia na pesa. Ushauri wa kumwambia asiende shambani kabisa hausaidii familia ambayo debe la mpunga ndilo chakula, ada ya shule na nauli ya hospitali. Ushauri wenye manufaa ni ule unaotaja lini aende, akae mpaka lini, abebe nini, na arudi wapi.

Huduma iliyopo bondeni

Ifakara si mahali penye uhaba wa huduma za afya. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyotokana na kazi ya wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, ni hospitali ya rufaa inayofanya upasuaji wa uzazi na kutoa damu. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya watafiti wa Kiswisi, imekuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa malaria Afrika. Upande wa Ulanga kuna hospitali ya wilaya Mahenge, na upande wa Malinyi kuna hospitali ya Kilutheri ya Lugala. Chini ya hizo vipo vituo vya afya na zahanati za vijiji.

Tatizo ni namna huduma hizo zilivyopangika ardhini. Hospitali na zahanati zimefuata barabara, na barabara imekwepa maji. Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384 na lililofunguliwa mwaka 2018, liliondoa kikwazo kikubwa: kabla yake, mgonjwa kutoka Lupiro au Mahenge alisubiri kivuko, na mto ukichafuka alisubiri zaidi. Lakini daraja linamsaidia aliyekwisha kufika barabarani. Kutoka kibandani mpaka barabarani njia ni tuta la jaluba, mfereji, na katika miezi ya Machi hadi Mei mara nyingi ni mtumbwi.

Kitaifa hali ya uzazi imebadilika sana. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hichohicho, uzazi unaofanyika kwenye vituo ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Kuanza kliniki mapema bado ni udhaifu: mwaka 2022 ni karibu theluthi moja tu ya wajawazito walioanza ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwa mama anayehama na msimu, kuchelewa huko kuna gharama zaidi, kwa sababu mwezi aliouacha upite unaweza kuwa ndio mwezi wa mwisho aliokuwa karibu na zahanati.

Kalenda mbili

Msimu wa mpunga unajulikana. Mashamba huandaliwa Novemba na Desemba, hupandwa kuanzia Desemba, hupaliliwa mpaka Machi, hulindwa dhidi ya ndege Aprili na Mei, na huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Mimba nayo inajulikana: siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hesabu ya haraka ni kuongeza siku 7 kwenye tarehe hiyo na kurudi nyuma miezi 3. Shirika la Afya Duniani, tangu 2016, linapendekeza mama aonane na mtoa huduma mara 8: mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kuisha, kisha wiki za 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kalenda hizi mbili zikiwekwa pamoja, hujitokeza makundi matatu ya wajawazito, kila kundi na hatari yake.

Kundi la kwanza ni la waliopata mimba kiangazi. Mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Agosti atatarajiwa kujifungua karibu na tarehe 8 Mei. Hudhurio lake la kwanza linapaswa kuwa kabla ya tarehe 24 Oktoba, wakati bado yuko nyumbani na njia ni kavu. Wiki ya 20 humkuta Desemba 19, watu wakianza kuhama. Wiki ya 26 ni mwisho wa Januari, ya 30 ni mwisho wa Februari, ya 34 ni tarehe 27 Machi: mahudhurio matatu mfululizo yanaangukia kipindi cha kupanda na kupalilia. Wiki ya 36 ni tarehe 10 Aprili, mafuriko yakiwa juu na ndege wakianza kushambulia mpunga. Hili ndilo kundi lenye hatari kubwa kuliko yote, kwa kuwa kipindi kinachohitaji ukaribu na hospitali ndicho kipindi njia ni mbaya kabisa.

Kundi la pili ni la waliopata mimba msimu unapoanza. Mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza mapema Desemba atajifungua mwanzoni mwa Septemba, barabara zikiwa zimekauka na ghala likiwa na chakula. Kujifungua kwake hakutishi sana. Hatari yake iko mwanzoni: wiki 12 za kwanza humalizika Februari akiwa shambani, pengine hajajua kwa uhakika kuwa ana mimba, na huenda akarudi mavuno yakiisha akiwa na miezi sita au saba bila kupimwa damu hata mara moja.

Kundi la tatu ni la waliopata mimba masika au wakati wa mavuno. Aliyeanza hedhi yake ya mwisho mapema Aprili hujifungua mapema Januari. Ujauzito wake kwa sehemu kubwa unapita nyumbani, na mahudhurio ya kuanzia Julai hadi Desemba hayana kisingizio. Kwake tatizo huja baada ya uzazi: familia inataka kwenda kupanda, naye ana kichanga cha siku chache.

Kuyajua makundi haya hakuhitaji mashine. Muuguzi anayeandika tarehe ya matarajio kwenye kadi anahitaji kuongeza swali moja tu: "Mwaka huu mnalima wapi, na mnaondoka lini?" Jibu linapoandikwa pembeni ya tarehe ya matarajio, mpango mzima unaweza kujengwa juu yake siku hiyohiyo.

Kabla ya kuondoka

Jambo la kwanza ni kuanza kliniki mapema, hata kama mimba ni changa na haijatangazwa kwa majirani. Hudhurio la kwanza ndilo lenye vipimo vingi: wingi wa damu, kundi la damu, virusi vya UKIMWI, kaswende, mkojo, presha na uzito. Majibu haya yakishapatikana na kuandikwa, mhudumu yeyote wa zahanati ya mbali anaweza kuendelea kutoka hapo. Yakikosekana, kila kituo kinaanza upya, na katika dharura hakuna muda wa kuanza upya.

Jambo la pili ni kadi. Kadi ya mjamzito, maarufu kama RCH 4, ni mali ya mama na inatambulika katika kituo chochote cha Tanzania. Iende naye shambani, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, ikining'inia mahali pasipofikiwa na maji wala panya. Kuiacha nyumbani kwa hofu ya kuipoteza ni kosa la kawaida. Njia bora ya kujikinga na upotevu ni kuipiga picha kurasa zote kwa simu ya mume au ndugu. Mama hahitaji barua ya ruhusa ili kuhudhuria kliniki kwenye zahanati nyingine. Anachohitaji ni kusema kwamba amehamia kwa muda.

Jambo la tatu ni dawa. Dawa ya SP ya kumkinga mjamzito na malaria huanza kutolewa mimba ikivuka miezi mitatu ya kwanza, kila dozi ikiachana na nyingine kwa angalau mwezi mmoja, na lengo ni dozi 3 au zaidi. Kwa kawaida humezwa mbele ya mhudumu, hivyo mama anayehama lazima ajue atapata dozi inayofuata kwenye zahanati gani. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, na hilo liandikwe wazi ili mhudumu mgeni asikosee. Vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma na foliki asidi, humezwa kila siku, na mama anaweza kuomba apewe vya kutosha kipindi atakachokuwa mbali. Chanjo ya pepopunda itolewe kabla ya safari kwa asiyekamilisha.

Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi ana hesabu ya ziada. Dawa zikikatika wiki chache, virusi hupanda, na hatari ya kumwambukiza mtoto hupanda pamoja navyo. Kliniki za tiba na matunzo hutoa dawa za miezi kadhaa kwa mteja aliyetulia, lakini lazima kliniki ijue kwamba anaondoka. Vilevile aondoke akijua ni kituo gani kilicho karibu na shamba kinachoweza kumhudumia bila maswali yanayomwaibisha mbele za watu.

Jambo la nne ni kupambanua nani anaweza kwenda na nani abaki. Mama aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, aliyewahi kutokwa damu nyingi baada ya uzazi, mwenye mapacha, mwenye presha, mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye selimundu, au aliyewahi kupata kifafa cha mimba hapaswi kukaa mahali ambapo hospitali haifikiki kwa saa chache. Msichana mwenye mimba ya kwanza katika umri mdogo na mama aliyezaa mara nyingi nao wanahitaji kuangaliwa kwa karibu. Hawa wakilazimika kwenda, waende miezi ya mwanzo tu, na tarehe yao ya kurudi iwe ya mapema kuliko ya wengine.

Akiwa shambani

Malaria ndiyo adui wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi katika kijiji cha Namawala bondeni walikadiria kwamba mtu mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, kiwango kilichohesabiwa miongoni mwa vikubwa duniani. Maambukizi yamepungua sana tangu hapo, na bonde lenyewe lilichangia: mradi wa KINET, ulioanza 1996 Kilombero na Ulanga, uliuza vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu na kuwapa wajawazito hati ya punguzo, wazo lililokuja kuwa mpango wa taifa wa hati punguzo kuanzia 2004. Tathmini ya mradi huo ilihusisha matumizi ya vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wadogo.

Mazoea ya chandarua yamekaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu maisha ya mashambani bondeni ulikuta karibu kila mtu analala ndani ya chandarua hata kibandani. Udhaifu uko kwenye saa za kabla ya kulala, wakati wa kupika na kula nje jioni, na kwenye umbali wa tiba. Kwa mjamzito malaria huenda isijioneshe kwa homa kali. Vimelea vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, vikala damu ya mama na kumdumaza mtoto tumboni. Kwa hiyo chandarua cha mjamzito kisiwe kile kilichochanika kilichobaki baada ya wengine kuchagua, na uchovu usio wa kawaida au weupe wa viganja upelekwe kupimwa.

Duka la dawa muhimu mara nyingi ndilo lililo karibu zaidi na mashamba. Lina nafasi yake, lakini mjamzito asinunue dawa ya malaria bila kupimwa na bila kutaja mimba yake ina miezi mingapi, kwa kuwa umri wa mimba ni sehemu ya uamuzi wa tiba. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu hazifai kabisa, hasa mbali na hospitali: zinaweza kusababisha mfuko wa uzazi kupasuka.

Kazi yenyewe inaweza kugawanywa. Kuinama majini kutwa, kubeba magunia na kubeba maji kutoka mbali ni mizigo ya kuondolewa mapema kadiri mimba inavyokua. Kuwinga ndege akiwa amekaa kivulini ni kazi nyepesi zaidi, ingawa inamshikilia shambani alfajiri mpaka jioni na kumnyima nafasi ya kwenda kliniki. Mume na wakwe wanaojua tarehe ya hudhurio wanaweza kumpangia mtu wa kushika zamu siku hiyo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatibiwe, maana kuhara hudhoofisha mjamzito haraka.

Mtu wa kuunganisha kibanda na kituo ni mhudumu wa afya ya jamii. Bonde lina historia katika hili: kuanzia 2011, Taasisi ya Afya Ifakara kupitia mradi wa Connect ilijaribu Kilombero, Ulanga na Rufiji kuwatumia wahudumu waliofunzwa na kulipwa, waliojulikana kama WAJA. Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima. Mpango huo utawafaa wakulima wa mpunga ikiwa mhudumu ataruhusiwa kufuata watu wake mashambani badala ya kuhesabu milango iliyofungwa kijijini.

Lini arudi, na ajifungulie wapi

Kanuni iliyo salama ni mama kurudi kabla ya wiki ya 36, na mapema zaidi kwa mwenye kidokezo cha hatari. Kwa mama wa kundi la kwanza hilo ni kabla ya tarehe 10 Aprili. Kwa kuwa njia huharibika Machi, tarehe ya busara ni mwisho wa Machi, siku ya hudhurio la wiki ya 34. Anaondoka shambani kwenda kliniki, na baada ya kliniki harudi tena ng'ambo. Uamuzi huu ukifanywa Oktoba unakubalika. Ukiachwa mpaka Aprili, mpunga ukiwa umetoa mashuke, kila mtu shambani ana sababu ya kusema bado kidogo.

Mahali pa kusubiria patafutwe mapema. Mwenye nyumba Ifakara au karibu na kituo cha afya arudi kwake, pamoja na mtu mzima mmoja. Asiye na nyumba karibu hutafuta ndugu wa mjini, na desturi ya kwenda kujifungulia kwa mama mzazi inafaa hapa, ilimradi nyumba ya mama huyo iko karibu na kituo kuliko shamba. Katika sehemu kadhaa za nchi zipo nyumba za kusubiria kujifungua karibu na hospitali. Mama aulize kliniki kama ipo inayomfaa.

Kituo cha kujifungulia kichaguliwe kwa uwezo wake. Zahanati inatosha kwa uzazi wa kawaida, lakini haifanyi upasuaji. Mwenye kovu la upasuaji au mapacha apange moja kwa moja hospitali. Kwa sera ya serikali, huduma za wajawazito katika vituo vya umma ni bure, lakini familia inayojua hali halisi huweka akiba ya nauli, chakula cha msindikizaji na vifaa: glovu, pamba, kanga safi, mpira wa kutandika, vibanio vya kitovu. Njia ya kuaminika ya kupata akiba hiyo ni kuitenga kwenye mavuno ya mwaka uliopita, kabla mbegu na vibarua havijaimaliza. Wachangia damu wawili wa familia nao wajulikane mapema.

Dharura ikitokea

Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu, mgawanyo uliotolewa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Shambani aina mbili za kwanza hushikana. Mume yuko upande wa pili wa shamba, simu haina chaji, mwenye mtumbwi hajulikani yuko wapi. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, muda ambao shambani unaweza kuishia kwenye kutafuta tu mtumbwi.

Dalili za kutoahirishwa zijulikane na kila mtu mzima kibandani, wala zisiwe siri ya wanawake: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa, maji kutoka kabla ya uchungu, maumivu makali ya tumbo, na mtoto kuacha kucheza. Ikionekana mojawapo, safari inaanza saa hiyo bila kungoja mwenye kauli arudi. Ruhusa hiyo mume aitoe mapema, mbele ya watu wa kibandani.

Namba ya bure 115 ni ya mfumo wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, uliozinduliwa kwa nchi nzima Aprili 2022. Mpokea simu huita gari la wagonjwa, na lisipokuwepo huita dereva wa kijamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa na mfumo. Gari haliwezi kuingia kwenye majaluba, kwa hiyo familia ihesabu sehemu mbili za safari: kutoka kibandani mpaka mahali gari linapofika, ambako kunahitaji mtumbwi, machela au pikipiki iliyopangwa, na kutoka hapo mpaka hospitali. Jina la mahali pa kukutania lijulikane kwa wote. Simu moja kibandani iwekwe chaji kwa ajili ya hili tu kuanzia mwezi wa saba wa mimba.

Baada ya kujifungua

Siku za kwanza baada ya uzazi ndizo zenye vifo vingi vya mama na kichanga. Mama apimwe ndani ya saa 24, kisha siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili, na wiki ya sita. Mtoto hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa, kisha chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Mama wa kundi la tatu, aliyejifungua Januari, akisukumwa kwenda shambani kabla ya wiki sita, mtoto hupoteza sehemu kubwa ya ratiba hii. Familia isiyoweza kumsubiri wiki sita imsubiri walau mpaka hudhurio la wiki ya pili, na iondoke na tarehe za chanjo zikiwa zimeandikwa kwenye kadi ya mtoto.

Uzazi uliotokea kibandani unahitaji taarifa pia. Mama na mtoto wapelekwe kituoni mapema iwezekanavyo hata kama wote wanaonekana wazima, na kizazi kiripotiwe kwa mtendaji wa kijiji ndani ya siku 90 ili mtoto apate cheti cha kuzaliwa.

Wanaohama mbali zaidi

Kanuni hizihizi huwafaa wahamaji wengine wa bonde: wake wa wakata miwa wanaokuja Kidatu kutoka mikoa mingine, na wafugaji wanaofuata malisho. Huwafaa hata wanaovuka mipaka, kama wasomi wa Ifakara wanaokwenda Basel, Uswisi, kwa uhusiano wa miaka mingi kati ya taasisi za miji hiyo miwili. Tofauti ni za taratibu. Kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili huhitaji muhtasari wa daktari kwa lugha ya huko. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa kumbeba mwenye mimba ya mtoto mmoja baada ya wiki ya 36. Bima hutangulia matibabu: Uswisi, kwa mfano, mgeni anayehamia hutakiwa kukata bima ya afya ndani ya miezi 3, na gharama za mama hazichangiwi na mgonjwa kuanzia wiki ya 13 ya mimba hadi wiki 8 baada ya uzazi. Anayekwenda ng'ambo ya bahari na anayekwenda ng'ambo ya mto wote wanaulizwa yaleyale: umepimwa nini, una dawa za muda gani, nani atakupokea, na utajifungulia wapi.

Wajibu wa kituo

Mpango huu wote hauwezi kubebeshwa mama peke yake. Zahanati za bondeni zinajua kwamba mahudhurio hushuka Januari hadi Mei, na sababu yake inajulikana. Zinaweza kuwaita wajawazito wote Oktoba na Novemba, kabla ya kuhama, kwa vipimo, vyandarua na dawa. Zinaweza kupeleka kliniki ya mkoba kwenye makambi makubwa ya mashamba mara moja kwa mwezi wakati wa kupalilia. Na zinaweza kutunza orodha ya wanaotarajiwa kujifungua Machi hadi Mei, pamoja na jina la shamba na namba ya simu ya jirani. Halmashauri zinazopanga bajeti zao kwa kuangalia mwaka wa fedha ziangalie pia msimu wa mpunga. Kwa familia, kazi ya mwaka huu ianze Oktoba: tarehe ya matarajio ihesabiwe, tarehe ya kurudi kutoka shambani iandikwe kwenye kadi, na mume awe wa kwanza kuikumbuka.